Namna ya Kuandaa Msimu wa Filamu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe Jijini Nairobi

Anayekusudia kuonyesha filamu za vita vya wenyewe kwa wenyewe jijini Nairobi hana budi kuifikiria hadhira yake kabla ya kuifikiria filamu yenyewe, kwa sababu jiji hili limeishi karibu sana na vita hivyo. Mkataba uliomaliza vita vya Sudan vilivyoanza mwaka wa 1983 ulitiwa saini katika Uwanja wa Nyayo tarehe 9 Januari 2005, na miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2004, wabunge wa Somalia walikuwa wamemchagua rais wao wa mpito papa hapa Nairobi, kwa kuwa Mogadishu haikuwa na usalama wa kuendeshea uchaguzi. Watu waliotoroka mapigano ya nchi hizo, na ya Kongo na Ethiopia pia, ni majirani zetu Eastleigh, Kayole na Kawangware, na huenda baadhi yao wakaketi katika viti utakavyopanga.

Mwongozo huu unakilenga kikundi kidogo, kwa mfano klabu ya filamu ya chuo, vijana wa kanisa au msikiti, au wapenzi wa maktaba fulani, chenye projekta ya kuazima na nia ya kuonyesha filamu nne kwa Jumamosi nne na kuzijadili. Filamu nne zinatosha. Zikizidi, watu huanza kuzizoea maiti.

Kuchagua filamu

Swali la kwanza la kuiuliza filamu ya aina hii ni kamera imepiga kambi nyumbani kwa nani. Vita vya ndani huingia katika nyumba nyingi, na filamu haiwezi kuzifuata zote. Huchagua moja, na kutoka dirishani mwa nyumba hiyo ndipo mtazamaji anapoelezwa jirani ni nani na adui ni nani. Gone with the Wind, iliyotoka mwaka wa 1939, huchukua karibu saa nne ikivitazama vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 kutoka baraza ya jumba la mwenye shamba la pamba katika jimbo la Georgia. Watumwa wa jumba hilo huingia na kutoka wakihudumu, lakini kamera haiwafuati wanakolala. Hattie McDaniel, aliyeigiza mmoja wao, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar. Hata hivyo hakuweza kuhudhuria onyesho la kwanza la filamu hiyo mjini Atlanta kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na usiku wa tuzo aliketishwa kwenye meza ya kando. Mwaka wa 2020 huduma ya HBO Max iliiondoa filamu hiyo kwa muda, kisha ikairudisha ikiwa na utangulizi wa mtaalamu unaoeleza ilitengenezwa katika mazingira gani. Nakubaliana na njia hiyo ya pili. Filamu yenye upendeleo inaweza kuonyeshwa, mradi mtu mwenye ujuzi azungumze kabla taa hazijazimwa, na mradi isiwe ya kwanza katika msimu.

Ipo mipaka, hata hivyo. The Birth of a Nation ya mwaka wa 1915 iliwatukuza wapanda farasi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi waliowatisha na kuwaua watu weusi, na kundi hilo, lililokuwa limezimika, lilifufuliwa karibu na Atlanta mwaka huo huo. Filamu kama hiyo ni ya darasani, kwa dakika chache na mwalimu akiwa kando. Haina kazi katika ukumbi wa mtaa.

Watunzi wa filamu na tamthilia hizi wana mtindo mmoja wanaoupenda mno, nao ni wa kuweka ndugu au marafiki wawili katika pande mbili za vita. Tamthilia ya Marekani ya North and South, iliyoanza kurushwa mwaka wa 1985, ilijengwa juu ya urafiki wa kijana wa South Carolina na mwenzake wa Pennsylvania waliokutana katika chuo cha kijeshi cha West Point. The Wind That Shakes the Barley, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 2006, inawaweka kaka wawili wa Ireland katika hali hiyo hiyo. Kwa Ireland mtindo huu ni wa haki, kwa kuwa wengi waliouana kati ya Juni 1922 na Mei 1923 walikuwa wamepigana bega kwa bega dhidi ya Waingereza muda mfupi kabla, kisha wakatofautiana kuhusu mkataba wa amani na Uingereza. Kwa Marekani hupotosha. Kati ya marafiki wale wawili walikuwapo watu wapatao milioni nne waliokuwa watumwa, nao ndio waliokuwa kiini cha ugomvi. Hadithi ya marafiki wawili huwageuza kuwa mandhari. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia, na kigezo changu cha kuchagua ni hicho: nitafute filamu ambayo kamera yake imeshuka hadi kwenye nyasi.

Kwa vita vya Marekani, Glory ya mwaka wa 1989 inafaa zaidi, ingawa nayo ina dosari. Inakifuata kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi, hadi shambulio la ngome ya Wagner tarehe 18 Julai 1863. Katika kikosi halisi wengi walikuwa watu huru kutoka kaskazini, wakiwemo wana wawili wa Frederick Douglass, mpinzani maarufu wa utumwa, ilhali filamu inaonyesha zaidi watumwa waliotoroka, na sauti inayosimulia ni ya afisa wao mzungu, Robert Gould Shaw. Hata hivyo ina tukio la mshahara ambalo hadhira yoyote ya Nairobi italielewa bila maelezo: askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi, na mweusi akapangiwa 10, ambazo kwa kweli zilikatwa 3 za sare. Mtu anayepokea hati yake ya mshahara kila mwezi na kuona makato yake hahitaji profesa hapo. Bunge la Marekani lilisawazisha malipo hayo mwaka wa 1864, baada ya baadhi ya waliogoma kupokea kuwa wamekwisha kuzikwa au kujeruhiwa, na habari hiyo, ambayo filamu haiifikii, ni ya kutolewa na mwendesha mjadala.

Swali la pili ni filamu ilipigwa wapi na wahusika wanazungumza lugha gani. Black Hawk Down, inayohusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, ilipigwa Moroko, na Wasomali katika filamu hiyo huonekana zaidi kama umati unaokimbilia risasi. Askari wa Marekani 18 waliuawa katika mapigano hayo na filamu inawapa Wamarekani nyuso; Wasomali waliouawa walikuwa mamia, na ni vigumu kumkumbuka hata mmoja kwa jina. Ukiionyesha Eastleigh bila utangulizi utakuwa umewaalika watu kuja kutazama mtaa wao wa zamani ukitumiwa kama uwanja wa michezo ya wengine. Linganisha na Goodbye Julia ya Mohamed Kordofani, iliyotoka mwaka wa 2023, ambayo inazungumza Kiarabu cha Sudan na ambayo sehemu yake kubwa hufanyika ndani ya nyumba moja ya Khartoum. Inaanza na ghasia za mwaka wa 2005 baada ya kifo cha John Garang, kiongozi wa kusini, na kuishia na kujitenga kwa Sudan Kusini mwaka wa 2011. Mwanamke wa kaskazini anamwajiri mjane wa kusini kazi za nyumbani, huku akimficha ukweli kuhusu kifo cha mumewe. Mapigano ya jeshi hayaonekani, na bado sijaona filamu inayoeleza vizuri zaidi jinsi nchi inavyopasuka. Ilipoonyeshwa Cannes Mei mwaka huo, vita vipya vilikuwa vimezuka Khartoum mwezi mmoja kabla.

Jambo moja la tahadhari kuhusu Rwanda. Vita vilianza huko Oktoba 1990, lakini yaliyotokea kati ya Aprili na Julai 1994 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kuyaorodhesha kwenye tangazo lako kama mapigano ya pande mbili kutawaumiza waliookoka na kuwapotosha wengine. Ukitaka kuyagusa, yatengee siku yake nje ya msimu huu. Chagua Sometimes in April ya Raoul Peck, ya mwaka wa 2005, au Shooting Dogs ya mwaka huo huo, iliyopigwa Kigali katika shule ile ile ambako wakimbizi waliachwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Hotel Rwanda ndiyo inayojulikana zaidi, lakini sehemu kubwa yake ilipigwa Afrika Kusini, na baadhi ya waliokuwa katika hoteli hiyo wamepinga jinsi inavyomwonyesha shujaa wake.

Kupanga ratiba

Mpangilio ninaoupendekeza huanza mbali na kukaribia nyumbani hatua kwa hatua. Jumamosi ya kwanza iwe ya Glory, kwa kuwa hakuna mtu ukumbini aliyempoteza ndugu mwaka wa 1863, na hivyo watu watajifunza kujadili bila kuogopana. Ya pili iwe ya Half of a Yellow Sun, filamu ya mwaka wa 2013 ya Biyi Bandele kuhusu vita vya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, ambayo inafungua mlango wa Afrika na pia wa Afrika Mashariki: Tanzania ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na Kenya haikuitambua. Ukiwa na mzee aliyekuwa akisikiliza redio miaka hiyo, mwombe aeleze majirani wawili walivyotofautiana. Ya tatu iwe ya Goodbye Julia.

Ya nne iwe yetu. Kenya haikufikia vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka wa 2008, lakini zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na mamia ya maelfu wakahama makwao, na Something Necessary ya Judy Kibinge, iliyotoka mwaka wa 2013, inafuata mwanamke anayejaribu kulijenga upya shamba lake na kijana aliyekuwa miongoni mwa waliolivamia. Kamera yake imeingia nyumba mbili, jambo ambalo filamu kubwa za nje hulishindwa mara nyingi. Ningeepuka kabisa kuiweka filamu hii mwaka wa uchaguzi mkuu, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, kwa kuwa ukumbi utageuka mkutano wa siasa kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita.

Beasts of No Nation ya mwaka wa 2015 huombwa mara nyingi na vijana. Ilipigwa Ghana, inazungumzia nchi isiyotajwa jina, na Abraham Attah, aliyekuwa mvulana asiye na uzoefu wa uigizaji, alipata tuzo kwa kazi yake katika tamasha la Venice. Ni filamu yenye nguvu, lakini inaonyesha mtoto akifundishwa kuua na akidhulumiwa kimwili, na kwa hadhira yenye wakimbizi ningeiacha.

Ruhusa

Onyesho la hadhara nchini Kenya liko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, na filamu inatakiwa iwe imekaguliwa na kuainishwa na bodi inayojulikana kwa kifupi kama KFCB, ambayo hutoa viwango vinne: vya watu wote, vya uangalizi wa mzazi, vya miaka 16 na vya miaka 18. Angalia kwanza kama filamu yako imekwisha kuainishwa, na kama bado, peleka ombi wiki nyingi kabla ya siku. Hata nchi inayohusika yenyewe inaweza kusita: bodi ya Nigeria iliichelewesha Half of a Yellow Sun mwaka wa 2014, nayo ikaruhusiwa miezi michache baadaye.

Haki ya kuonyesha ni jambo tofauti na kiwango cha umri. Malipo ya kila mwezi ya Netflix au huduma nyingine ni ya kutazama nyumbani, wala kutotoza kiingilio hakubadilishi hilo. Mwandikie msambazaji, eleza kwamba ni onyesho moja la bure la kielimu na taja idadi ya viti. Watayarishaji wa filamu za Kiafrika, kwa kawaida, hujibu kwa ukarimu kuliko studio kubwa. Njia nyepesi zaidi ni kushirikiana na taasisi yenye mazoea hayo, kama vile Goethe-Institut au Alliance Française, ambazo zina kumbi katikati ya jiji.

Ukumbi na sauti

Kumbi za kijamii za Eastlands, kama ule wa Kaloleni, ziko karibu na watu na hazina ubaridi wa hoteli, lakini zenye paa za mabati zina tatizo moja kubwa: mvua ya Aprili au Novemba ikinyesha, hakuna spika itakayosikika. Panga msimu wako Januari, Februari, Julai au Agosti. Ukitaka kuonyesha nje, kumbuka kwamba jua letu huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo filamu ya saa mbili na mjadala wa saa moja itawamaliza watu saa nne usiku, wakati nauli za matatu zimepanda na akina mama wengi wamekwisha kuondoka. Onyesho la saa nane mchana, madirisha yakiwa yamefunikwa mapazia mazito, huleta hadhira bora.

Sauti ya filamu za vita ina hila. Wahusika hunong'ona kwa dakika kumi, fundi wa mitambo akaongeza sauti, kisha mzinga ukalipuka na kumrusha mtu kitini. Fika mapema, tafuta tukio lenye mlipuko mkubwa kuliko yote, pima sauti kwa tukio hilo, na usiiguse tena. Kwa filamu ya Kiarabu, keti mwenyewe kiti cha nyuma kabisa uhakikishe kwamba maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini yanasomeka juu ya vichwa vya walio mbele. Wako watakaopendekeza msimulizi wa Kiswahili anayezungumza juu ya filamu inapoendelea, kwa mtindo wa DJ Afro. Mimi ni mpenzi wa mtindo huo kwa filamu za ngumi, na watoto wengi wa jiji hili wamekulia humo, lakini hapa masihara yake yatamwingilia anayelia. Badala yake, msimulizi atoe muhtasari wa dakika tano kwa Kiswahili kabla ya kuanza. Stima zikipotea katikati, na jenereta isiwepo, usianze mjadala gizani. Tangaza siku nyingine.

Kabla na baada ya onyesho

Tangazo liseme wazi yatakayoonekana. Mfano: "Mabibi na mabwana, ndugu na dada zetu, filamu ya leo ina milio ya bunduki, maiti, na tukio moja la mtu kuuawa mbele ya mtoto wake. Mlango wa kushoto utakuwa wazi muda wote, na anayetoka hataulizwa swali." Acha taa ndogo mlangoni, weka viti kadhaa karibu nao, na umwombe mtu mwenye mafunzo ya ushauri nasaha aketi nje pamoja na birika la chai. Mtu akitoka, yeye ndiye atakayemwamkia. Wanakikundi wengine wasimfuate wakiwa kundi.

Kosa linalofanywa na waandalizi wenye nia njema ni kumgeukia mkimbizi aliye ukumbini na kumwomba asimulie yake. Usifanye hivyo hata kama unamfahamu, na hata kama alikusimulia nyumbani kwake. Ukimtaka mzungumzaji aliyeishi vita hivyo, mwalike mapema, mwonyeshe filamu peke yake kwanza, mkubaliane maswali, na umpe haki ya kubadilisha nia asubuhi ya siku yenyewe. Pia mfano wa mtu wa hadhara unaweza kutosha: Emmanuel Jal, aliyewahi kuwa askari mtoto nchini Sudan, aliletwa Kenya, akaanza muziki wake Nairobi, na baadaye akaigiza pamoja na Ger Duany, mwenzake wa Sudan Kusini, katika The Good Lie ya mwaka wa 2014, inayopitia kambi ya Kakuma. Kumtaja kunatoa nafasi kwa aliyepitia hayo kuzungumza akitaka, au kunyamaza.

Filamu ikiisha, acha dakika chache za chai bila kipaza sauti. Kisha swali la kwanza liwe la jambo lililoonekana, kamwe lisiwe la maoni: nani alifungua mlango, nani aliukuta umefungwa, mtoto alikuwa wapi risasi ya kwanza ilipolia. Swali la aina hiyo huwarudisha watu kwenye skrini na kuwazuia kukimbilia makabila na vyama. Swali la pili liwe la nyumba ambayo kamera haikuingia. Katika Gone with the Wind ni vibanda vya watumwa, na katika Goodbye Julia kila mtazamaji atakuwa na jibu lake. Mzee akianza kuhutubia, mwendesha mjadala amshukuru kwa heshima, "Asante sana mzee wangu, tumekusikia, na tumpe binti yetu kule nyuma nafasi," na kipaza sauti kiondoke mkononi mwake wakati huo huo, kikibebwa na kijana aliyepewa kazi hiyo peke yake. Usirekodi video ya mjadala. Picha za ukumbi zipigwe kutoka nyuma, bila nyuso.

Tamthilia za mfululizo

Baada ya msimu wa kwanza, wengine watataka tamthilia. Ugumu wake ni urefu: sehemu ya kwanza ya North and South peke yake ina vipindi sita vya karibu saa moja na nusu kila kimoja, na hakuna kikundi cha mtaani kitakachokaa saa tisa. Usionyeshe kipindi cha kwanza ukaishia hapo, kwa sababu vipindi vya kwanza vya tamthilia za vita huwa vya karamu, farasi na uchumba. Chagua kipindi ambacho vita vinatangazwa, kwa kuwa hapo ndipo kila mhusika hulazimika kusema yuko upande gani, tayarisha ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye majina ya familia na uhusiano wao, ugawe mlangoni, na uonyeshe kipindi hicho kimoja tu. Atakayetaka kujua mwisho atajitafutia zilizobaki nyumbani, kwa malipo yake ya kila mwezi.